Alichokisikia Sharshenaly

Wahenga waliposema mficha uchi hazai, hawakumsema mwanamke aliye mbele ya mkunga peke yake. Walimsema kila mwenye shida isiyoweza kutatuka mpaka aifunue mbele ya yule awezaye kumsaidia, hata kama kuifunua kunamchoma uso. Sharshenaly wa kijiji cha Ak-Kiya aliusikia msemo wa namna hiyo tangu utotoni. Maana yake aliijua akiwa na miaka hamsini na sita, na si yeye peke yake aliyeilipia.

Sharshenaly alikuwa mchungaji wa farasi. Kila mwaka, theluji ilipoyeyuka, wanakijiji walimkabidhi farasi wao, naye akapanda nao mpaka malisho ya juu pamoja na mkewe, Anarkul, na hema lao la manyoya ya kondoo. Walikaa huko hadi majani yalipoanza kukauka. Kwa miaka ishirini na miwili hakupoteza hata farasi mmoja, ila yule aliyepigwa na radi, na kwa huyo imamu mwenyewe alisema hakuna wa kulaumiwa. Watu walimsifu kwamba ana macho ya tai. Akiwa ng'ambo ya bonde aliweza kukuambia farasi yule ni wa nani kwa kuutazama mkia tu.

Macho hayo ndiyo yaliyomsaliti. Mambo yalianza polepole, kama mvuke kwenye kioo, naye akasingizia moshi wa samadi kavu waliyowashia moto jikoni. Baada ya majira mawili ya baridi, jicho la kushoto lilibaki kutofautisha mchana na usiku tu, na la kulia likawa linaona kama mtu achunguliaye kupitia utando wa maziwa yaliyopoa. Hakumwambia mtu. Alijiuliza, nani atamkabidhi kipofu mali yake? Akajifunza kuwajua farasi kwa vikohozi vyao, kwa vishindo vya kwato zao na kwa harufu ya manyoya yao.

Anarkul alijua. Hakuwahi kulitamka, lakini jioni farasi waliporudi alikuwa akisimama kando ya mumewe na kusema kama anayejisemea, "Huyu kijivu ana miba mkiani. Mweusi wa Burulkan naye amenenepa, mashallah. Thelathini na wanane, wote wapo."

"Nimewaona," Sharshenaly alikuwa akijibu.

Burulkan aliyetajwa hapo alikuwa mjane wa mdogo wake Sharshenaly. Alikuwa na farasi majike wawili wa kukamwa, mweusi na wa rangi ya mchanga. Kumisi aliyoichachusha kutokana na maziwa yao aliiuza kando ya barabara kuu kwa madereva wa malori, na ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha binti zake wawili. Kila kiangazi alipiga kihema chake jirani na hema la shemeji yake.

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, jua likiwa limekwisha kupanda na anga ni nyeupe pe, watoto wa farasi walikuwa wamefungwa kwenye kamba yao kama desturi, ili mama zao wakale majani karibu na kurudi kukamwa. Majike sita walikuwa wameteremka kijitoni. Anarkul na Burulkan walikuwa wamekwenda upande wa pili wa kilima kuokota samadi kavu. Sharshenaly alikuwa amekaa juu ya jiwe akishona hatamu iliyokatika, akipapasa kila tundu kwa kidole gumba.

Akasikia kwato. Akainua uso. Aliona doa la rangi ya kahawia likisogea, na madoa mengine meusimeusi yakilifuata kuelekea bondeni.

"Nani wewe?" aliita. "Unawapeleka wapi hao?"

Hakujibiwa. Alisikia mluzi tu, mfupi, kisha kwato zikaongeza kasi. Mpaka amtafute farasi wake na kumtandika, kulikuwa kimya. Kisha, chini kabisa barabarani, injini ikaunguruma. Hapo watoto wa farasi wakaanza kulia.

Wanawake walikuja mbio. Burulkan aliitazama ile kamba, akautazama mto, akaelewa.

"Shemeji! Wako wapi? Wako wapi farasi wangu?"

"Wamechukuliwa."

"Na wewe ulikuwepo? Umekaa hapa hapa? Basi umemwona! Ni nani? Sema, shemeji, umemwona nani?"

Kuna swali linalomfikia mtu kabla hajajiandaa. Jua lilikuwa linawaka. Mtoto wa miaka sita angemwona mwizi yule na kumweleza mpaka vifungo vya koti. Sharshenaly akafungua kinywa kusema hapana, na kilichotoka kikawa kingine.

"Nimemwona. Mtu mmoja juu ya farasi mwekundu mwenye uso mweupe."

Anarkul aliutua mzigo wake wa samadi chini. Alimtazama mumewe.

Wachungaji wa mahema ya jirani walikusanyika, na mmoja wao akamcheka Burulkan aliposema lazima wakapige ripoti. "Polisi? Watakuandika, watakunywa chai yako, na farasi wako watakuwa soseji kabla wino haujakauka."

"Basi na wawe soseji iliyoandikwa," Burulkan alimjibu huku akipanda farasi aliyemwazima. "Shemeji, twende."

Kituoni walipokelewa na Kapteni Bekten, kijana mwembamba mwenye sauti ya upole. Alitoa karatasi na kuanza na Burulkan. Burulkan aliwaeleza farasi wake kama anayewasifia binti zake kwa wachumba: mweusi mwenye nywele chache nyeupe chini ya sikio la kulia, kwato ya mbele imepasuka kidogo, hakubali kukamwa na mwanamume, wa rangi ya mchanga mwenye mstari wa giza mgongoni, mwoga wa mbwa. Wote sita walikuwa na chapa ya kijiji kwenye paja la kushoto, mwezi mchanga na nukta moja.

"Laiti wote wangeripoti hivi," Kapteni alisema. "Haya, mzee wangu. Mwizi ulimwona kwa umbali gani?"

"Hatua mia moja."

"Farasi wake?"

"Mwekundu, uso mweupe."

"Mwenyewe yukoje? Kijana, mzee?"

Uwongo ni kama kondoo: ukimtoa mmoja zizini, wengine humfuata. "Kijana," Sharshenaly alisema. "Ana koti jeusi."

"Una hakika?"

"Mimi ni Sharshenaly," alijibu, na hilo kwa watu wa bonde lile lilitosha.

Alipopewa kalamu, alitia sahihi yake juu ya maandishi badala ya chini yake. Kapteni alidhani mzee anatetemeka kwa hasira, akamsogezea karatasi.

Sasa katika bonde lile alikuwepo farasi mmoja tu mwekundu mwenye uso mweupe. Turat, mfuga nyuki, alikuwa amemnunua mwanzoni mwa kiangazi, na kila mwenye macho alikwisha kumwona akipita naye. Sharshenaly ndiye peke yake asiyejua. Na Turat huyo, alipokuwa na miaka ishirini, alifungwa miaka mitatu kwa kuiba farasi. Alirudi, akaoa, akapanga mizinga yake, na kwa miaka tisa hakuna aliyemsikia hata akigombana. Lakini jina likishachafuka huwa kama sufuria ya masizi: ukiligusa tu, mkono unageuka mweusi. Alitiwa pingu jioni ile ile, nyuki wake wakimzunguka na mwanawe akitazama.

"Mwizi ni mwizi tu, hata akifuga ndevu," watu walisema.

Siku zikaenda. Askari walipekua nyumba ya Turat, zizi la Turat, makorongo yote nyuma ya nyumba ya Turat. Hawakupata hata unywele wa mkia. Turat alirudia jambo moja tu, kwamba asubuhi ile alikuwa kwenye mizinga yake. Mashahidi wake walikuwa nyuki. Hakuna aliyekumbuka kuyapekua malori yapitayo njia ya mlimani, maana kila mtu alijua mwizi ameshapatikana, na kwamba farasi wamefichwa palepale bondeni.

Kule malishoni, Burulkan alikuwa akichovya vidole vyake katika maziwa ya ng'ombe na kuvitia vinywani mwa watoto wa farasi. Watano walinyonya. Mtoto wa yule mweusi alikuwa akigeuza shingo, akiliangalia bonde. Sharshenaly hakuwa akiuona uso wa mtoto yule, lakini sauti yake ilikuwa ikipungua siku hadi siku, na kupungua huko alikusikia vizuri kuliko mtu yeyote.

Siku ya nne, saa za adhuhuri, alikuja mwanamke kwa miguu. Alikuwa Seyil, mke wa Turat. Alikuwa amepanda mlima ule tangu asubuhi, na mkononi alibeba mkate mmoja wa duara uliofungwa kwa kitambaa. Anarkul alimkaribisha chai. Hakuinywa.

"Baba," alimwambia Sharshenaly, "sikuja kukulilia. Mume wangu amewahi kuiba, najua, na niliolewa naye nikijua. Ameniapia kwamba safari hii si yeye, lakini waume huapa. Wewe ndiwe usiyesema uwongo, bonde zima linasema hivyo. Basi nimekuja unitulize moyo."

Akaufungua ule mkate, akaunyosha mbele yake kwa mikono miwili.

"Weka mkono wako hapa. Sema, naapa kwa mkate huu, nilimwona. Ukisema, nitarudi nyumbani, nifunge vitu vyangu, nimchukue mwanangu niende kwa mama yangu. Sitakusumbua tena."

Kwa watu wale mkate haudondoshwi chini, haukanyagwi, wala hauapiwi ovyo. Sharshenaly aliinua mkono. Mkono ukapapasa hewani, ukapita kando ya mkate mara ya kwanza, ukapita tena mara ya pili. Seyil aliutazama mkono ule, akayatazama macho yake. Akaurudisha mkate kwenye kitambaa polepole.

"Huoni," alisema. "Ee Mwenyezi Mungu. Mzee huyu haoni."

Burulkan, aliyekuwa mlangoni na ndoo ya maziwa, aliiachia ndoo ikaanguka.

Anarkul alisema, kwa sauti yake ya kila siku, "Baba watoto, miaka miwili nimekuwa macho yako. Nimekuhesabia farasi, nimekuchagulia njia, nimekunywa chai uliyotia chumvi mara mbili nikasema ni tamu. Kwa hayo niko radhi mpaka kaburini. Lakini kumwona mtu gerezani kwa niaba yako, siwezi. Hayo macho sina."

Mashavu ya Sharshenaly yalikuwa yamelowa, asijali kuyafuta. Kisha akasema, "Nitandikie farasi."

Usiku ule walilala kwa jamaa yao njiani, na asubuhi ya siku ya tano wakawa wa kwanza kituoni, yeye, Anarkul na Burulkan. Kapteni Bekten alipoisikia habari yenyewe aliinuka kitini. Alisimama hatua nne mbele ya mzee.

"Nimeshika nini?"

"Fimbo," Sharshenaly alibahatisha.

"Ni kofia yangu, mzee." Sauti yake ya upole ilikuwa imekwisha. "Siku tano! Nimewachosha askari wangu siku tano wakifukua mavi ya kondoo nyuma ya nyumba ya mtu asiye na hatia, kwa sababu ya koti jeusi ambalo halikuwapo! Unajua kwamba naweza kukushtaki kwa maelezo haya?"

"Najua. Niandike. Lakini mfungulie Turat kwanza."

Kapteni akamwita askari, akamwagiza amtoe Turat mahabusu. Akakaa, akajishika kichwa. Baada ya muda akavuta karatasi mpya.

"Tuanze upya. Sitaki kujua ulichoona. Nataka kujua ulichosikia."

Hapo mzee alibadilika. Alinyanyua kichwa kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe.

"Farasi wa mwizi alikuwa mwenye mwendo wa telki, wale ambao miguu ya upande mmoja huenda pamoja. Bonde letu hatuna wa namna hiyo tangu wa imamu alipokufa. Na kiatu cha mguu wa nyuma kilikuwa kimelegea, kila hatua ya nne kinalia cheng. Alipiga mluzi wa mtu mwenye pengo la meno ya mbele, unatoka na upepo mwingi. Alikuwa peke yake, lakini chini alingojewa. Nilisikia ubao ukishushwa, na farasi wakipanda juu ya bati. Sita walipanda, na wa saba mwepesi kidogo, huyo wa telki. Halafu lori likawashwa. Lilikohoa mara tatu ndipo likakubali, na lilipoanza kwenda, mkanda wa injini ulilia kama bata bukini aliyekabwa shingo. Lilielekea juu, njia ya mlimani. Lililia mpaka kona ya pili."

Kalamu ya Kapteni ilikuwa imesimama.

"Bata bukini aliyekabwa shingo," alirudia. "Mzee, lori hilo nimelifuata nyuma wiki mbili zilizopita, masikio yaliniuma mpaka jioni. La buluu, linanunua ngozi vijijini. Dereva wake ana kijana wake, pengo hapa mbele." Akaigusa midomo yake. "Kwa nini hukuniambia haya siku ya kwanza?"

"Ungeniuliza kwa nini mtu aliyesikia yote hayo hakuona kitu."

Kapteni alikwisha kuinua simu kuwaita wenzake wa upande wa pili wa mlima.

Lori lilipatikana mchana ule ule, ndani ya ua wenye ukuta mrefu ambamo watu wawili walikuwa wakichinja kwa siri. Alipatikana kijana mwenye pengo, na farasi wa telki amefungwa kivulini, kiatu chake bado kimelegea. Farasi wenye chapa ya mwezi na nukta walikuwa watano. Wa sita alichinjwa jana yake. Alikuwa yule mweusi.

Kapteni mwenyewe aliwapandisha malishoni kesho yake. Mama na watoto walipoitana ilikuwa kelele mtindo mmoja, kila mmoja akimnusa wake. Mtoto wa mweusi alizunguka kutoka mama mmoja hadi mwingine, akifukuzwa kwa mateke. Burulkan alimshika shingoni akalia.

Sharshenaly alimfuata akimvuta kwa kamba farasi wake wa kijivu, jike bora kuliko wote aliokuwa nao, ambaye mtoto wake alikufa majira ya machipuko.

"Shemeji, mchukue huyu. Bado ana maziwa. Huenda akamkubali."

Burulkan aliipokea kamba. "Sikulaumu kwa macho yako, shemeji," alisema. "Macho ni ya Mungu. Nakulaumu kwa mdomo. Ungesema siku ile ile, mweusi wangu angekuwa hapa."

"Ni kweli," alijibu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, aliomba ruhusa asimame mbele ya wanaume wote wa Ak-Kiya. Aliwaeleza kila kitu bila kupunguza: macho yake, uwongo wake, siku tano za Turat. Kisha akageukia upande aliodhani Turat amekaa, akamwomba radhi.

"Niko huku, mzee," Turat aliita kutoka upande mwingine. Watu wawili watatu walicheka, wakajizuia. Turat hakucheka. "Mwanangu aliniona nikitiwa pingu. Radhi hiyo uliyoomba, niachie kwanza. Bado sijapata pa kuiweka."

Akatoka nje. Hakuna aliyemlaumu.

Kapteni hakumfikisha Sharshenaly mahakamani. Alimpa onyo la maandishi, na mzee akatia sahihi mahali alipooneshwa kwa kidole. Majani yalipokauka, Anarkul alimpeleka mjini hospitali ya macho. Daktari alimmulika, akamwambia ni mtoto wa jicho tu, ugonjwa ambao kila siku yeye huwatoa watu watano kabla ya chakula cha mchana.

"Yamekuanza lini?"

"Miaka miwili sasa."

"Na ulikuwa ukingoja nini? La kulia nitakusafishia. La kushoto limeharibika ndani, presha ya jicho imelila. Ungekuja mapema ungeondoka na yote mawili."

Alirudi nyumbani na jicho moja. Theluji ilipoanza kuyeyuka, wanakijiji walikutana kuamua nani atapanda na farasi. Sharshenaly alikuwa amekaa nyuma, kwa kuwa aliamini jambo hilo halimhusu tena. Imamu ndiye aliyemwita kwa jina.

Alisimama. "Naona kwa jicho moja," alisema. "Mpaka hatua mia mbili naona vizuri. Baada ya hapo ni ukungu. Jua likizama sioni mbali kabisa. Mkinipa farasi wenu tena, nipeni na mtu wa pili mwenye macho mazima. Bila hivyo, msinipe."

Watu walitazamana. Kwa miaka miwili alikuwa ameogopa kwamba akiyasema hayo, hakuna atakayemwachia hata mbuzi. Burulkan alikuwa wa kwanza kusema wa kwake watapanda naye. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, na swali likabaki la huyo mtu wa pili.

Kisha Turat akainuka kutoka pembeni, kofia mkononi.

"Mimi naona mbali," alisema. "Nyuki wangu mke wangu atawaangalia. Lakini nina sharti moja na mzee huyu. Siku akisema ameniona, awe ameniona."

Kicheko kilipasuka, na safari hii hakuna aliyekizuia, hata Sharshenaly mwenyewe, aliyecheka huku akilifuta jicho lake lililopona. Uso alioufunika miaka miwili ulikuwa umemgharimu jicho, ukamgharimu Burulkan farasi na Turat siku tano. Siku alipoufunua, alipata alichokuwa amekosa muda wote huo, watu wa kumsaidia. Kweli, mficha uchi hazai.